Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Malazi Nafuu Katika Pwani ya Hebrides

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, kando ya Ziwa Mutanda wilayani Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda. Nilimkuta Baba ameketi nje ya nyumba, karatasi mkononi. Mtu mmoja kutoka mjini alikuwa amefika mara mbili kuuliza bei ya kipande chetu cha ufukoni, pale tunapofunga mtumbwi na majirani wanapopita kwenda kuteka maji. Alitaka kujenga nyumba za wageni, wale wanaopenda kupanda milima, kupiga kasia na kutazama ndege. Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa kuliko fedha zote ambazo Baba amewahi kuzishika kwa pamoja. Baba alinikabidhi karatasi ile akasema, "Wewe unayesoma historia, niambie. Waliofanya hivi kabla yetu waliishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nilimweleza mhadhiri wetu, naye akanishauri nisianze na Mutanda. "Hapo ni kwenu, utaona unachotaka kuona," alisema. "Tafuta mahali pa mbali ambapo jambo hilo lilianza zamani, na matokeo yake yameshaonekana." Katika kutafuta maktabani nilikutana na visiwa vya Hebrides vya Nje, huko Uskoti. Sijafika huko na huenda nisifike kamwe. Lakini nimeisoma historia yake muhula mzima, na insha hii ndiyo jibu langu kwa Baba. Hoja yangu ni moja: malazi nafuu mahali pazuri hayaletwi na uzuri wa mahali, wala na huruma ya mwenye fedha. Huletwa na mwenyeji ambaye ana uhakika kwamba kesho hatafukuzwa.

Hebrides vya Nje ni mlolongo wa visiwa wenye urefu wa takriban kilomita 200, katika Bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Uskoti. Vikubwa miongoni mwake ni Lewis na Harris (ambavyo kwa kweli ni kisiwa kimoja chenye majina mawili), North Uist, Benbecula, South Uist na Barra. Upande wa magharibi kuna fukwe ndefu za mchanga mweupe, mchanga wa makombe yaliyosagwa na mawimbi, na nyuma yake kuna nyanda za nyasi zinazojaa maua wakati wa kiangazi. Upande wa mashariki wa Harris ni mawe matupu na vighuba vyembamba. Mwezi wa Juni mwanga wa jua huchelewa kutoweka hadi karibu na usiku wa manane. Mwezi wa Desemba mchana haufiki hata saa saba, na upepo hauna adabu. Watu wake ni wapatao 26,000, na sehemu kubwa yao bado inazungumza Kigaeli, lugha ambayo wageni wengi wafikao huko hawajui hata salamu yake.

Mpenda matembezi akifika katika pwani hiyo na kuona ufuko wa kilomita nzima usio na mtu, husema: mahali hapa hapajaguswa. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 visiwa hivi vilikuwa na watu wapatao 46,000. Na karne moja kabla ya hapo, nyanda zile za magharibi ambazo leo ni picha za kalenda zilikuwa vijiji vyenye moshi, watoto na mashamba ya shayiri. Ule upweke ambao mgeni anausifu ulitengenezwa na binadamu.

Ulitengenezwa hivi. Mwishoni mwa karne ya 18 wenye ardhi wa Hebrides walitajirika kwa mwani. Wapangaji wao walikusanya mwani ufukoni na kuuchoma, na majivu yake yakauzwa kwa viwanda vya kioo na sabuni. Wakati wa vita dhidi ya Napoleon bei ilipanda sana, kwa sababu bidhaa kama hiyo kutoka nje ilikuwa ngumu kupatikana. Siku hizo mwenye ardhi alitaka watu wawe wengi, maana kila mkono ulikuwa faida kwake. Vita vilipokwisha mwaka 1815 bei ikaanguka. Ghafla watu wale wale waliomtajirisha wakawa mzigo, na kondoo wakawa na thamani kuliko wao.

Ndipo ukaja uhamisho wa nguvu. Katika Harris, familia zilizoishi kwenye ardhi nzuri ya magharibi ziliondolewa ili kondoo wapate malisho, na nyingi zikasukumwa upande wa mashariki, kwenye mawe. Huko hakukuwa na udongo wa kutosha, hivyo wakautengeneza: walibeba mwani mgongoni, wakaulaza juu ya mwamba pamoja na udongo kidogo walioukwangua hapa na pale, wakapata matuta membamba ya kupanda viazi. Matuta yale yanaonekana hadi leo. Inasimuliwa kwamba udongo wa mashariki ulikuwa haba kiasi cha kutoweza kumfukia marehemu, kwa hiyo maiti zilibebwa mabegani kuvuka mlima hadi magharibi, zikazikwe katika ardhi ambayo walio hai walikuwa wamefukuzwa. Njia ile ya majeneza sasa hupitwa na watembeaji wenye mabegi mgongoni, nao huisifu kwa mandhari yake.

Katika South Uist na Barra mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwenye ardhi, Kanali John Gordon wa Cluny, hakutosheka kuwasukuma watu pembeni. Baada ya ugonjwa wa viazi ulioanza mwaka 1846 kuleta njaa, aliamua kuwaondoa kabisa. Mwaka 1851 zaidi ya watu 1,500 kutoka visiwa vyake walipakiwa katika meli na kupelekwa Kanada.

Nilipofika hapa katika usomaji wangu niliwakumbuka majirani zetu Wabatwa. Mimi sikuwa nimezaliwa mwaka 1991, wakati misitu ya Mgahinga na Bwindi ilipofanywa hifadhi za taifa nao wakatolewa humo. Nimekua nikiwaona wakiishi kandokando ya mashamba ya watu wengine, wakiitazama misitu ambayo wageni hulipa fedha nyingi kuingia. Kondoo na sokwe si kitu kimoja, na sababu za kuwahamisha watu hazikuwa zile zile. Lakini tokeo moja linafanana: mahali panasifiwa kwa utulivu wake, na hakuna anayeuliza utulivu huo ulipatikanaje.

Sasa twende kwenye mwaka ambao naamini ndio kiini cha habari yote, yaani 1886. Kabla ya hapo, mkulima mdogo wa Hebrides alikodi kishamba chake, ambacho Waskoti hukiita krofti, kwa mwaka mmoja mmoja. Akitengeneza nyumba yake vizuri, kodi hupanda. Akimuudhi wakala wa mwenye ardhi, hufukuzwa. Katika hali hiyo ni nani angehangaika kuongeza chumba kwa ajili ya mgeni? Mtu ambaye yeye mwenyewe ni mgeni katika nyumba yake hawezi kumkaribisha mwingine. Wakulima wakaanza kugoma. Kisiwani Skye mwaka 1882 walipambana na polisi waliotumwa kuwakamata. Serikali ikaunda tume chini ya Lord Napier, na mwaka 1883 tume hiyo ilizunguka visiwani kusikiliza wakulima, wengi wao wakitoa ushahidi kwa Kigaeli. Matokeo yake yakawa sheria ya mwaka 1886: mkulima wa krofti hawezi kufukuzwa maadamu analipa kodi, kodi yenyewe ipangwe kwa haki na chombo maalumu, na haki ya kukaa pale irithiwe na jamaa yake. Sheria haikurudisha ardhi iliyokwisha kuchukuliwa, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza watu walilazimika kuvamia mashamba ya kondoo ndipo serikali ikaongeza kasi ya kugawa baadhi yake. Lakini tangu 1886 visiwani kulikuwa na mwenyeji. Mgeni sasa angeweza kubisha hodi na kumkuta mtu.

Mgeni mwenyewe alitoka upande mwingine kabisa. Mwezi Agosti 1909, nchini Ujerumani, mwalimu Richard Schirrmann alikuwa akitembea mashambani na wanafunzi wake walipokumbwa na mvua kubwa ya radi. Walijihifadhi usiku katika shule iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Usiku ule mwalimu aliwaza: shule ngapi nchini zinalala tupu wakati wa likizo, na vijana wangapi wa mjini hawajawahi kuona msitu kwa sababu hawana pa kulala? Kutokana na wazo hilo zikazaliwa hosteli za vijana, na hosteli ya kwanza ya kudumu ikawekwa katika ngome ya kale ya mji wa Altena kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Chama cha Uingereza na Wales kiliundwa mwaka 1930, cha Uskoti mwaka 1931, na mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam na kuunda shirikisho la kimataifa.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Viwanda vya meli vya Glasgow vilikuwa vimepunguza kazi, na vijana wasio na ajira walikuwa wengi. Kulala hosteli usiku mmoja kulilipiwa shilingi moja, jina lile lile la fedha tunayotumia sisi hadi leo. Kanuni zake zingewachekesha watalii wa sasa. Mgeni afike kwa miguu au kwa baiskeli, si kwa gari. Alete mfuko wake wa kulalia. Apike mwenyewe. Na asubuhi, kabla ya kuondoka, apewe kazi: kufagia, kupasua kuni, kuosha masufuria. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hosteli hazikungoja siku ya tatu. Jembe lilitolewa asubuhi ya kwanza. Na ni jembe hilo lililowezesha bei ibaki shilingi moja, kwa sababu hapakuwa na haja ya kuajiri watu wa kufanya kazi ambazo mgeni mwenyewe angeweza kuzifanya.

Mwenyeji wa 1886 na mgeni wa 1931 walikutana kupitia mtu mmoja asiye na sura ya mwanamapinduzi. Herbert Gatliff, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa mtumishi wa Hazina ya serikali jijini London, mtu wa mafaili na hesabu. Alipenda kutembea, na aliipenda Hebrides. Aliona kwamba hosteli kubwa zilikuwa zikielekea kuwa za kisasa, zenye gharama, karibu na barabara. Yeye alitaka kinyume chake: nyumba ndogo, za kawaida kabisa, mahali pa mbali, ndani ya jamii za wakulima. Mwaka 1961 alianzisha mfuko wa hisani, na mwaka uliofuata hosteli ya kwanza ikafunguliwa Rhenigidale, kijiji cha Harris.

Rhenigidale kilikuwa kijiji kisicho na barabara. Aliyetaka kufika alipanda boti, au alitembea kwa miguu njia nyembamba inayopanda mlima na kushuka kwa kona kali hadi baharini. Ilikuwa njia ya mbeba barua, ya mwanamke aendaye dukani, ya mgonjwa apelekwaye kwa daktari. Watembeaji waliikuta ikiwa tayari, imekanyagwa na miguu ya wenyeji. Barabara ya magari ilifika mwaka 1990 tu, baada ya wanakijiji kuiomba kwa miaka mingi.

Baadaye hosteli nyingine zikafuata, kati yake ile ya Howmore katika South Uist, kando ya magofu ya makanisa ya kale, na ile ya Berneray, ufukoni kabisa. Ya Howmore na ya Berneray ni nyumba za zamani za kienyeji: kuta nene za mawe yaliyopangwa bila saruji, na paa la nyasi lililofungwa kwa kamba zenye mawe mazito ili upepo usilibebe. Sisi wa Kisoro tunaopanga mawe ya volkano kuwa kuta za mashamba tungeelewa ujenzi huo bila kuelezwa. Nyumba kama hizo zilikuwa zikiachwa ziporomoke, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamehamia katika nyumba za saruji. Gatliff hakujenga, alitumia kilichokuwapo.

Utaratibu wa hosteli hizi ndio ulionivutia zaidi. Kwa miaka mingi hapakuwa na kuweka nafasi mapema: anayefika amefika, na kama vitanda vimejaa hutafutiwa pembe au hupiga hema nje. Hapakuwa na meneja wala kaunta. Mtu wa kijijini, jirani wa nyumba ile, ndiye aliyekuwa mwangalizi. Alipita jioni kuona nani yupo na kupokea malipo kidogo. Hosteli zilikuwa wazi mwaka mzima, Januari kama Julai. Na mgeni alitakiwa kuheshimu desturi za mahali, hasa Jumapili, ambayo kwa Waprotestanti wa Harris ni siku ya kanisa na mapumziko, si siku ya shughuli.

Mwaka mzima: maneno haya mawili yana uzito kuliko yanavyoonekana. Utalii wa kiangazi peke yake huufanya mji uwe kama ukumbi wa arusi. Kwa wiki chache kuna taa na kelele, halafu mlango hufungwa. Hosteli ya mwaka mzima humleta mtu mmoja au wawili katika giza la Januari. Fedha yao ni ndogo. Lakini moto wanaouwasha hukausha kuta, maana nyumba ya mawe isiyowashwa moto katika unyevu ule huoza upesi. Nao hununua mkate na maziwa katika duka ambalo bila wateja wa majira ya baridi lingefungwa, na duka likifungwa mzee wa kijijini hana pa kununua chumvi. Hapa methali ya pili inaikamilisha ile ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa maana ya nyama inayochinjwa mgeni anapokuja, watoto wa nyumbani nao wakapata mnofu. Katika Hebrides ilikuwa na maana pana zaidi: mgeni maskini alisaidia kijiji kipumue.

Nikichambua sababu za unafuu wa malazi haya, naziona nne. Kwanza, nyumba ilikuwapo, hapakuwa na mkopo wa ujenzi wa kulipwa na mgeni. Pili, mgeni na watu wa kujitolea walifanya kazi. Tatu, njia ilikuwa ya wote. Uskoti ina mapokeo ya muda mrefu ya watu kupita katika ardhi bila kuzuiwa, na sheria ya ardhi ya mwaka 2003 iliyathibitisha: mtu yeyote ana haki ya kutembea, kupiga kasia na hata kupiga hema dogo katika sehemu kubwa ya ardhi na maji, mradi awajibike. Ufuko hauna lango la kulipia. Nne, na hii ndiyo inayozibeba nyingine zote, mwangalizi aliishi jirani akiwa na uhakika wa kubaki. Angalikuwa mpangaji wa kufukuzwa wakati wowote kama babu zake kabla ya 1886, pasingekuwa na mtu wa kushika ufunguo.

Sitaki msomaji adhani kwamba naeleza paradiso. Upo upande wa pili, na mhadhiri wangu alisisitiza niuandike. Wapo wanaosema kwamba mtembeaji maskini huacha uchafu kuliko fedha, na kwamba kijiji hakiishi kwa mkate na maziwa. Hoja hiyo ina ukweli: hosteli haikuzuia watu wa visiwani kupungua, na vijana waliendelea kuondoka kutafuta kazi. Tena, wageni wa sasa si wale wa Gatliff. Mwaka 2008 nauli za feri kwenda Hebrides vya Nje zilishushwa ili ziwiane na gharama ya kusafiri umbali ule ule kwa barabara. Wenyeji walifurahi, lakini feri zikajaa pia magari ya watalii, mengine makubwa kama nyumba, katika barabara zinazotosha gari moja. Watu wa mbali wenye fedha walinunua nyumba za visiwani kwa ajili ya likizo au za kukodisha kwa siku chache, na bei zikapanda hadi kijana aliyezaliwa pale akashindwa kupata pa kuishi. Tatizo hili lilienea Uskoti nzima kiasi kwamba mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya kuwataka wanaokodisha nyumba kwa muda mfupi wawe na leseni. Hakuna aliyekuja na polisi safari hii. Mtu anaweza kuondolewa kwa bei kama alivyoondolewa kwa kondoo.

Vyama vikubwa vya hosteli navyo havikusalimika. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe ulifunga njia za mashambani nchini Uingereza, chama cha Uingereza na Wales kikapoteza mapato mengi na kulazimika kuuza baadhi ya hosteli. Mwaka 2023 kilitangaza kuuza nyingine 20. Hosteli ikiuzwa, kwa kawaida hairudi kuwa kitanda cha bei nafuu.

Lakini wenyeji wa Hebrides walikuwa wamejifunza somo la 1886, nao wakalisogeza mbele. Mwaka 2003 jamii ya North Harris ilinunua ardhi ya eneo lake. Mwaka 2006 South Uist, ile iliyotolewa watu na Kanali Gordon, ikaingia mikononi mwa shirika la wakazi wake. Na mwaka 2010 wakazi wa West Harris walichukua ardhi ya pwani ile ya mchanga mweupe kutoka serikalini. Pale ambapo watu walifukuzwa ili kondoo wale, leo wajukuu wa waliobaki ndio wanaokaa mkutanoni kuamua: nyumba ngapi zijengwe za familia changa, mgeni alaze gari lake wapi, na alipe nini. Wanabishana, na mara nyingine wanakosea. Ila kosa ni lao, na wanaweza kulirekebisha mwaka unaofuata.

Hilo ndilo nililomweleza Baba kwa simu. Tulizungumza Kifumbira, nami nalitafsiri hapa. Nilimwambia kwamba waliouza au kunyang'anywa ufuko hawakuupata tena kwa zaidi ya miaka 150, na waliobaki juu yake, hata kwa haki ndogo, waliweza baadaye kujadiliana. Nilimwambia tunaweza kuanza na chumba kimoja, kile alicholala Babu, kikarabatiwe paa. Mgeni alale, apike mwenyewe, ateremke ziwani kwa njia ile ile wanayopita majirani, na njia hiyo isifungwe kamwe.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Na mvua za Aprili? Nani atakuja kulala Mutanda kwenye matope?"

Nilimwambia kwamba huko Harris watu hufika Januari.

"Hao wana wazimu," alisema. Halafu akauliza, "Wanalipa?"

Nikamjibu: kidogo, lakini wanalipa, na hufagia kabla ya kuondoka.

Hakuniambia ameamua nini. Mnunuzi alikuwa amesema atarudi mwezi ujao. Lakini wiki mbili baadaye kaka yangu alinitumia picha bila maneno yoyote: chumba cha Babu, mlango wazi, na Baba juu ya ngazi akiondoa mabati yaliyooza.